Mizabibu niliyochelewa kuipanda

Wiki iliyopita tumevuna zabibu za kwanza shambani kwa mama, Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kandokando ya barabara ya Iringa. Kreti kumi na moja. Ni mavuno ya kwanza, na sehemu ya miche iliishia kwa mchwa, kwa hiyo sikutegemea zaidi. Nilipiga picha nikamtumia mke wangu, aliyeko Minneapolis, Marekani. Akajibu neno moja: "Hatimaye."

Miche ile ilitakiwa kuingia ardhini karibu mwaka mzima kabla ya siku niliyoipanda. Mitaro ilikuwa imeshachimbwa, samadi imeshamwagwa, pingili nimeahidiwa na jirani. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema, nipande za nini wakati naondoka?

Nasubiri weiva. Ndivyo tunavyoiita sisi tunaoisubiri. Ni ombi la kusamehewa kizuizi cha kuingia Marekani. Niliwasilisha la kwangu Februari 2023. Leo ni Agosti 2025 na sijapata jibu. Naandika kwa sababu najua tuko wengi tunaosubiri kimyakimya, na kimya hiki kimenila zaidi ya kusubiri kwenyewe.

Kosa ni langu, na nitalisema kwanza. Mwaka 2014 nilikwenda kwa viza ya matembezi, nikaruhusiwa kukaa miezi sita. Nikakaa miaka mitano. Mwaka 2017 nilioa, mwaka 2018 akazaliwa binti yetu. Mke wangu ni wa hukuhuku kwetu, lakini wakati ule alikuwa mkaazi wa kudumu wa kule, hajawa raia, kwa hiyo sikuweza kutengeneza makaratasi yangu nikiwa ndani ya nchi. Wakili alinisihi nitulie mpaka mke wangu apate uraia. Desemba 2019 baba akafariki.

Nilijua nikipanda ndege nini kitafuata. Sheria yao ya mwaka 1996 inasema ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 bila kufika mwaka, kisha ukatoka, huingii kwa miaka mitatu. Ukifikisha mwaka au zaidi, ni miaka kumi. Na adhabu hiyo haianzi ukiwa umekaa, inaanza ukitoka. Watu wengi hawalijui hili. Wanadhani kurudi nyumbani kwa hiari ni kujisafisha. Mimi nililijua na nikatoka, nikamzika baba yangu kwa mikono yangu. Hilo sijalijutia hata siku moja. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja. Sasa ana saba.

Mke wangu alipata uraia mwaka 2021, ombi lake la kuniita kama mume likakubaliwa, nikafika kwenye usaili wa viza Januari 2023. Yule afisa alikuwa mpole. Akanieleza kwamba viza hainipati kwa sababu ya ile miaka kumi, na kwamba sheria inaniruhusu kuomba msamaha kwa fomu ya I-601. Ada wakati ule ilikuwa dola 930. Mke wangu aliilipa kwa zamu za ziada kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi.

Sasa nifike penye maumivu. Msamaha huu hautolewi kwa kuwa umejuta au kwa kuwa mnapendana. Unatakiwa kuthibitisha kwamba ndugu yako anayehesabika kisheria, yaani mume, mke au mzazi ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu, atapata shida iliyopita kiasi ukikataliwa. Shida ya kawaida ya kutengana haitoshi. Na mtoto hahesabiki. Nililisoma hilo mara tatu nikidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Binti yangu ana pumu, lakini pumu yake inaingia kwenye ombi kwa njia moja tu: vile inavyomuumiza mama yake.

Tena sisi ilitubidi tuonyeshe pande mbili. Upande wa kwanza, mke wangu ataumiaje akibaki kule bila mimi. Upande wa pili, ataumiaje akihamia huku nilipo. Huku ni Dodoma. Huku ni nyumbani kwangu na nyumbani kwao. Nikakaa mezani Nkuhungu usiku mzima nikiandika kwa nini mji wangu haufai kwa mke wangu. Niliandika vumbi la mwezi wa nane na wa tisa. Niliandika mishahara. Niliandika jinsi bomba la mtaani kwetu linavyoweza kukauka siku nne. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na bado nilijiona kama mtu anayemsema mama yake kwa wageni. Sikuandika harufu ya mvua ya kwanza ya Desemba juu ya udongo mwekundu. Sikuandika mlenda wa mama na ugali wa uwele, wala jinsi watoto wa mtaani walivyomzunguka binti yangu alipokuja mwaka 2022, wakamfundisha rede ndani ya saa moja. Hayo hayakuwa ushahidi.

Kilichokuwa ushahidi ni usiku wa kumi na mbili wa safari ile. Vumbi lilimbana, tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, nimempakata naye anavuta pumzi kwa mlio ule ambao mzazi akiusikia mara moja hausahau. Cheti cha daktari wa usiku ule ni moja ya kurasa mia tatu na ushee zilizokwenda na ombi letu. Usiku mbaya kuliko wote wa maisha yangu una namba ya kiambatisho.

Humo kwenye faili ndimo nilimosoma pia barua ya mshauri wa afya ya akili aliyezungumza na mke wangu. Kumbe kwa miezi kadhaa alikuwa akifika kazini mapema, anakaa ndani ya gari kwenye maegesho, analia, anajifuta, anaingia zamu. Kila siku nilikuwa naongea naye. Hakuwahi kuniambia. Nilimpigia kumwuliza, akasema, "Mume wangu, ningekuambia ungefanya nini, ukiwa Dodoma?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile tuna ahadi moja: hatufichani siku mbaya. Ninaiona kuwa na thamani kuliko karatasi zote, na inanisikitisha kwamba tuliifikia kupitia faili la wakili.

Ombi likapokelewa. Likipokelewa unapata namba, herufi tatu na tarakimu kumi, ambayo unaiingiza kwenye tovuti ya uhamiaji wa Marekani kuangalia limefikia wapi. Miezi ya kwanza niliingiza namba ile asubuhi, mchana na usiku. Mimi ni fundi umeme, wakati huo tulikuwa tunavuta nyaya kwenye jengo moja kule Mtumba, Mji wa Serikali, na nakumbuka nimesimama juu ya ngazi nimeshika koleo mkono mmoja na simu mkono mwingine. Msimamizi alinionya. Alikuwa na haki, umeme hautaki mtu mwenye akili mbili.

Nikaja kuelewa baadaye jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua mapema. Ule muda wanaouandika kwenye tovuti si ahadi. Ni muda ambao maombi themanini katika kila mia, kati ya yaliyokamilika miezi sita iliyopita, yalikuwa yamemalizika. Yaani unaangalia nyuma, hauangalii mbele. Foleni ikirefuka, muda unarefuka na wewe umo humohumo ndani. Mimi nilikuwa nimeuweka kwenye kalenda kama tarehe ya harusi. Nilipokaribia, ukasogea. Nikaweka tena, ukasogea tena. Mara ya tatu nililala siku mbili sikwenda kazini, mama akadhani nina malaria.

Na kwa kuwa nilikuwa na tarehe, nilikataa kila kitu. Nilikataa kandarasi ya miezi tisa, nikachukua vibarua vya wiki mbili mbili. Nilikataa kununua kitanda, nikalala kwenye godoro chini. Nilikataa kuingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwa kuwa mzunguko ni mwaka mzima. Watu wakiniuliza, "Safari lini?" nilijibu, "Mwezi ujao," mpaka wakaacha kuuliza, na wakaanza kuninyamazia kwa huruma nilipoingia kwa kinyozi. Mizabibu nayo. Mzabibu hauzai la maana kabla ya mwaka na nusu, miaka miwili hivi. Kuupanda, kwangu, kulikuwa ni kukiri kwamba mwaka na nusu nitakuwa bado niko hapa. Niliogopa kana kwamba nikipanda, mtu mmoja kule ofisini ataona na kuliweka faili langu chini ya mengine.

Mama alinivumilia. Septemba 2023, tumekaa nje jioni anachambua mlenda, akaniambia, "Mwanangu, hata mgeni anapanda. Akiondoka, wenyeji watakula." Sikumjibu. Usiku nikamsimulia mke wangu. Nilitegemea aseme tuwe na subira, lakini alikasirika. Akasema kwamba yeye anafanya kazi usiku ili sisi tuwe na maisha, na mimi naishi kama mtu aliyeko stendi na mzigo mapajani. "Panda hiyo mizabibu," akasema. "Nataka kujua mume wangu anaishi mahali fulani."

Nikapanda Januari 2024, mvua ikiwa imeshika. Jirani alinipa pingili za Makutupora nyekundu. Nikajifunza kusimamisha nguzo na kuvuta waya, kazi ambayo fundi umeme haimshindi. Nikajifunza kupogoa, na kupiga salfa kabla ubwiri unga haujatanda. Baada ya mwezi wa kwanza nikagundua nimepitisha siku tano bila kuingiza ile namba. Siku hizi naiangalia Ijumaa jioni tu. Ikiwa haijabadilika, nafunga simu na kwenda kuoga.

Sisemi ukae tu. Kuna mambo ya kufanya na tumeyafanya. Tovuti ina tarehe ambayo kabla yake hawapokei ulizo la kuchelewa. Tarehe hiyo ijue, isipite. Mke wangu aliandika kwa ofisi ya mbunge wao wa Kongresi, akasaini karatasi ya kuwaruhusu waulizie faili letu. Jibu lilikuja: ombi liko kwenye foleni. Halikutusogeza, lakini tulijua kwamba halijapotea. Tuliomba pia liharakishwe kwa sababu ya afya ya mke wangu, tukaambatisha barua mpya za daktari. Tulikataliwa kwa mistari minne. Wapo wanaofungua kesi mahakamani kuishurutisha serikali itoe jibu, iwe ndiyo au hapana. Wakili ametueleza gharama zake, na tunazichangia polepole. Kama Februari ijayo itapita hivihivi, tutakwenda huko.

Na tafadhali, jihadhari na wale wanaosema wana mtu ndani. Mmoja alinitoza shilingi laki sita hapa mjini. Alinionyesha picha ya skrini yenye neno "imekubaliwa" na jina langu. Hakuna anayeweza kusogeza faili hili kutoka Dodoma. Hakuna. Laki sita ile ilikuwa ya nauli ya mke wangu kuja Krismasi.

Yaliyobaki ni madogo, ila usiyapuuze. Pasipoti isiishe muda wake. Cheti cha polisi cha tabia njema na vipimo vya afya vina muda wake, kwa hiyo usivikimbilie mapema, vitaisha ukiwa bado unasubiri. Mimi nilivipoteza hivyo. Ukihama, badilisha anwani kwenye ombi.

Halafu kuna saa kumi alfajiri. Kwao huwa saa mbili usiku, binti yangu anaingia kitandani. Novemba wakirudisha saa zao nyuma, mimi naamka saa kumi na moja. Namsimulia hadithi ya sungura na fisi, ileile aliyonisimulia baba, na fisi wangu hukoroma kama baba alivyomkoromesha. Miaka minne sasa, nimekosa labda mara kumi tu. Zamani nilikuwa nikimwambia mwishoni, "Baba anakuja hivi karibuni." Mwaka jana aliniuliza, "Hivi karibuni ni siku ngapi?" Sijalitamka tena. Namwambia kilichotokea siku hiyo. Namwambia kwamba umeme ulikatika, kwamba bibi yake amepata kuku mpya, kwamba mzabibu wa mstari wa tatu umetoa vichala viwili.

Anaufahamu ule mzabibu. Alinitaka niuchague mmoja uwe wake, nikamwonyesha yote kwenye video, akachagua uliopinda karibu na mlango wa uzio. Vichala vyake sikuvitia kwenye kreti. Nimevianika juu ya bati, mama anavilinda na ndege. Mwezi ujao dada wa rafiki yangu anasafiri kwenda Minnesota, nitampa zabibu kavu zile kwenye mfuko mdogo, kama robo kilo hivi.

Jumamosi nikipata nafasi natakiwa kurudi Mpunguzi kupogoa. Kandarasi ya Mtumba nimesaini, ya mwaka mmoja. Kitanda kimefika jana, cha mninga, na bado chumba kinanukia mbao mbichi.