Fungu la risasi, kilo 640 kwenye karatasi

Katika Kiswahili chetu, risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu na risasi ni madini yenyewe. Sisi tunaosubu wenyewe, yaani tunaoyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu ya umbo tunalotaka, tunanunua risasi ili tupate risasi. Ili tusipotezane, humu nikisema risasi nina maana ya madini, na kile kinachodondoka kutoka kwenye kalibu nitakiita kichwa. Na niseme mapema kwamba naandika kwa wenye leseni. Sheria za kusubu vichwa hazifanani nchi na nchi, kwa hiyo ulizia za kwako kabla hujanunua hata kilo moja.

Fungu lenyewe, lililokuwa likiuzwa mnadani, lilikuwa kreti ya mbao juu ya paleti, limeandikwa kwa mstari mmoja: risasi mchanganyiko, takriban kilo 640. Picha ilikuwa moja, imepigwa kutoka juu. Siku ya ukaguzi tulifika watatu. Wenzangu wawili walichungulia, wakaitikisa kreti kwa mguu, wakaondoka. Mimi nilivaa glavu nikapiga magoti, nikakaa hapo karibu saa nzima.

Fedha ya mnada wa risasi inapatikana au kupotea siku hiyo ya ukaguzi. Siku ya mnada wenyewe kazi yako ni moja tu, kujizuia.

Kreti ilinifika magotini, na hapo ndipo wengi hukosea kwa macho. Lita moja ya risasi ina uzito wa kilo 11.34. Tani nzima ukiisubu iwe mchemraba mmoja, kila upande utakuwa na sentimita 44 na nusu hivi, kitu cha kuweka chini ya meza. Kwa hiyo kreti ndogo isikufanye udhani mzigo ni mdogo, na kubwa isikutamanishe kabla hujajua ndani kuna mbao kiasi gani.

Nilikuwa na kisu, nyundo ndogo na seti ya penseli za wachoraji. Kisu kikipita kwenye risasi tupu kinaacha mkato laini unaong'aa kama fedha, na baada ya muda mng'ao unafifia ukawa kijivu. Nyundo inatoa mlio mfu, kama unapiga gunia la mchanga. Penseli ndiyo kipimo cha ugumu cha mtu asiye na maabara: unaichonga mbao bila kugusa ncha, unaikata ncha iwe bapa, unaisukuma mbele juu ya risasi uone kama inakwangua au inateleza. Risasi tupu hukwanguliwa na penseli laini za upande wa B. Ile iliyochanganywa kwa ajili ya kuchapia magazeti hukubali zile ngumu tu, karibu na H.

Juu kabisa kulikuwa na mabamba yaliyobanduliwa kwenye kuta za chumba cha eksirei, mengine bado yana gundi na vipande vya plaiwudi. Watu huyaogopa bure. Miale ya eksirei haiifanyi risasi iwe na mionzi, na mabamba hayo kwa kawaida ni risasi karibu tupu. Cha kuogopa ni vile vikopo na mitungi minene ya risasi iliyobebea dawa au vyanzo vya mionzi hospitalini na viwandani, kwa sababu inaweza kuwa imechafuliwa ndani. Hiyo siigusi mpaka ipimwe kwa kifaa cha mionzi.

Chini ya mabamba kulikuwa na mabomba ya maji ya zamani. Laini nayo, ila kwenye maungio yana uvimbe mnene, na uvimbe huo ni risasi ya kuchomelea yenye stani nyingi, ile metali ya kulehemia. Hiyo huikatwi ukaitupia sufuria moja na mengine. Unaiweka kando kama akiba.

Nilipoingiza mkono hadi chini, vidole vikagusa tundu. Nikafukua. Ulikuwa mkuo, yaani bonge la madini lililosubiwa, mrefu, mwembamba, wa kilo kama 10, wenye ncha iliyotobolewa kama sindano kubwa ya kushonea magunia. Ipo tisa. Nikaupiga picha nikamtumia mjomba wangu, aliyepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji ujanani.

“Shikamoo mjomba. Hiki ni nini?”

“Marahaba mjomba. Hiyo ni chakula cha Linotype. Unaitundika kwa hilo tundu juu ya sufuria ya mashine, inajishusha yenyewe kadiri inavyoyeyuka. Umeipata wapi?”

Sikumjibu hapohapo, maana mtu wa mnada alikuwa amesimama karibu.

Linotype, mashine ya kusubu mistari ya herufi za kuchapia aliyoibuni Ottmar Mergenthaler, ilianza kazi mwaka 1886 kwenye gazeti la New York Tribune, na kwa karibu miaka 90 magazeti ya dunia yalisubiwa mstari kwa mstari kwa risasi ya moto. New York Times walichapa toleo lao la mwisho la namna hiyo mwezi Julai 1978. Mchanganyiko wa mikuo yake ni risasi asilimia 84, antimoni 12, na stani 4. Antimoni ndiyo inayokaza. Stani ndiyo inayoufanya mmiminiko ujaze kila pembe ya kalibu. Kwa msubu vichwa huo mkuo ni chumvi ya kupikia, haulambwi peke yake ila bila huo mboga haina ladha. Sehemu moja ya Linotype kwa sehemu tatu za risasi tupu inakupa antimoni asilimia 3 na stani asilimia 1, ugumu unaotosha vichwa vya bastola vya mwendo wa wastani.

Kulikuwa na kitu kingine pia. Mikuo minne ya kijivu, yenye sura ileile ya risasi, lakini nyundo ikalia ting. Kisu kikateleza. Zinki. Mkuo mmoja wa zinki ukiyeyuka ndani ya sufuria unaharibu mzigo mzima: mmiminiko unakuwa uji, hauingii kwenye kalibu, vichwa vinatoka na makunyanzi. Nikaihesabu kuwa haina thamani yoyote.

Ndivyo nilivyopata kiwango changu cha juu cha dau. Mbao sifuri, zinki sifuri, mabamba na mabomba kwa bei ya risasi chakavu, Linotype juu kidogo ya hapo, kisha nikatoa ada ya mnada, kodi, usafiri na gesi ya kuyeyushia. Nikaandika namba moja kwenye kiganja. Mpinzani wako halisi mnadani ni mtu wa vyuma chakavu, naye anajua hesabu ya kilo kuliko wewe. Lakini yeye anaona kilo tu. Haoni tundu kwenye mkuo. Yule wa kwangu alisimama dau mbili kabla ya namba yangu, na nyundo ikagonga upande wangu.

Wakati wa kuchukua mzigo nilipitisha gari kwenye mizani ya barabarani likiwa tupu, kisha likiwa limebeba. 640 ilikuwa kweli, pamoja na kreti, paleti na misumari! Nyumbani nilipima kila kitu upya: risasi na zinki jumla kilo 571, mbao 69. Mabamba 310, mabomba 140, Linotype 90, zinki 31. Iliniuma. Kuandika uzito wa mbao chini ya neno risasi si haki, hata kama tangazo limejikinga kwa yale maneno ya kuuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Nilikuwa nimekata kilo 60 kichwani, basi pigo halikuwa kubwa, lakini mtu mgeni angelipa zote.

Sasa kuyeyusha. Hapa nawaomba msome polepole.

Bomba mojawapo lilikuwa limebanwa mwisho wake, limejikunja kama ulimi. Nilikuwa tayari na sufuria iliyojaa risasi iliyoyeyuka. Nikalishusha kwa koleo. Ndani kulikuwa na maji, labda kijiko kimoja. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara elfu moja na mia tano, na yakiwa chini ya risasi iliyoyeyuka njia yake ya kutoka ni juu. Nilisikia mkoromo, kisha sufuria ikajitapika. Dari ilipata madoa ya fedha, ngao ya uso ikapata madoa matatu usawa wa jicho la kushoto, na glavu ya ngozi ikaungua hadi karibu na kifundo. Ngozi yangu haikuguswa. Ile ngao bado ninayo na sijaifuta.

Tangu siku hiyo kila bomba linapasuliwa kwa urefu, na vitu vipya vinaingia kwenye sufuria baridi tu, vinapanda joto pamoja nayo. Risasi huyeyuka nyuzi 327, zinki nyuzi 419. Wakati wa kuchambua nashikilia kipimajoto karibu na 360, na kipande cha zinki kilichonipita kinaelea juu kikiwa kigumu, nakiokota haraka kwa upawa. Kisha kusafisha: nyunyiza vumbi la mbao kavu, koroga taratibu kutoka chini, kwangua ukingoni, engua takataka nyeusi. Ukifanya mara mbili uso wa risasi unakuwa kioo, unaweza kuona taa ndani yake.

Betri za magari siyeyushi, na mtu asikushawishi. Kalisi iliyo kwenye sahani za betri za kisasa ikikutana na antimoni au aseniki, zile takataka zikipata unyevu zinaweza kutoa gesi zenye sumu kali. Hakuna kilo ya bure yenye thamani hiyo.

Na vumbi. Wengi huogopa moshi, lakini kwenye joto letu risasi haichemki. Inachemka kwenye nyuzi 1749. Inayotuingia ni ile ungaunga ya takataka zilizoenguliwa, mikononi, kwenye nguo, kisha mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, ubongo wao. Kwa hiyo nguo zangu za kazi hazivuki mlango wa nyumba, hazifuliwi na za familia, takataka zinakaa kwenye ndoo yenye kifuniko, sili wala sinywi pale, na kila mwaka napima damu. Mke wangu alipokuwa mjamzito sufuria haikuwashwa kabisa.

Mikuo ya risasi tupu nimeigonga alama T, mchanganyiko wa moja kwa tatu alama M. Kilo 90 za Linotype zimezaa 360 za M, na kinachobaki cha T ni cha jirani yangu wa kilabuni anayepiga gobore, maana gobore linataka kichwa laini kisicho na antimoni. Zile kilo 31 za zinki ziko nje ya mlango, mbali na sufuria. Nimezipaka rangi nyekundu pande zote sita.