Kaeni Hapa, Mkeshe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna neno limenikaba kooni. Nililisikia Jumatano kwenye maombi yetu ya mchana kazini: "Mtu aliyeokoka hana sababu ya kushikwa na hofu." Aliyelisema anampenda Bwana, sina shaka naye. Lakini benchi la nyuma alikuwepo binti mmoja, mwajiriwa mpya, ambaye Jumatatu alishikwa na hofu koridoni akawa anahema kama anayekata roho, na wapo waliosema pale pale kwamba ni pepo. Neno lile lilipotoka, aliinamisha kichwa, akachukua mkoba wake, akaondoka kabla hatujafunga kwa sala. Nilimfuata baadaye tukaongea, naye ameridhia niandike.

Tuko mwishoni mwa Juni. Kila anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, au ofisi za mjini anajua maana yake. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, vocha zimerundikana, majibu ya wakaguzi yanadaiwa, na simu kutoka juu haziishi: "Nataka iwe mezani kwangu kabla ya saa tisa." Wengi wetu tulikuja huku baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mpaka leo mwenza na watoto wako Dar es Salaam kwa ajili ya shule au kazi. Ijumaa mwenye nauli anawahi treni ya SGR. Asiye nayo anarudi chumbani kwake Ilazo au Nzuguni, anafunga mlango, na hakuna wa kumuuliza ameshindaje. Mtu anabeba hayo miezi na miezi akisema "namshukuru Mungu" kila anaposalimiwa, hadi siku mwili unapokataa.

Wa kwangu ulikataa miaka kadhaa iliyopita, katikati ya kikao. Nilikuwa nawasilisha makisio ya kitengo chetu, nikaulizwa swali la kawaida kabisa kuhusu jedwali moja. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, na sauti za watu zikawa kama zinatoka chumba kingine. Nilikuwa na hakika kwamba nakufa. Nikatoka nikishika ukuta, nikaketi sakafuni karibu na chumba cha chai.

Aliyenikuta ni mhudumu wetu wa ofisi, mama wa Kigogo ambaye sasa amestaafu. Hakupiga kelele wala hakuita umati. Aliketi chini kando yangu, akanishika mkono, akasema, "Niko hapa, mwanangu. Siondoki. Vuta hewa taratibu." Akawa anarudia hayo hayo. Hakuniuliza nimemkosea Mungu nini. Alikaa tu, na mimi nikapata kitu cha kushikilia mpaka pumzi ikarudi.

Hospitalini walinipima presha, damu na moyo, wakanikuta mzima. Daktari akaniketisha akanieleza kwa upole, na maelezo yale yalikuwa dawa tosha kwa siku ile. Hofu ikizidi, mwili humwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi na ya haraka. Ukipumua hivyo unatoa hewa ukaa kupita kiasi, ndiyo maana vidole na midomo hufa ganzi na kichwa kikawa chepesi. Mwili unajihami na hatari isiyokuwepo, kama mlinzi anayepuliza filimbi usiku wa manane kumbe aliyefungua geti ni mwenye nyumba. Kwa kawaida hofu hiyo hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha inashuka. Inatisha sana, lakini yenyewe haiui. (Maumivu ya kifua yakikupata kwa mara ya kwanza, tafadhali nenda kapimwe. Usijipe jibu mwenyewe kwa kuwa umesoma hapa.)

Sasa twendeni Gethsemane. Marko 14 inasema Bwana aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika." Luka anaongeza jasho lililokuwa kama matone ya damu. Huyu ni Mwana wa Mungu, asiye na dhambi, mwenye imani kuliko sisi sote tukijumlishwa. Alifadhaika. Alihangaika. Mwili wake ulitoa jasho kwa sababu ya saa iliyokuwa inakuja. Kama hofu mwilini ni ushahidi wa kukosa wokovu, tutasema nini juu ya usiku ule?

Na angalieni alichowaomba rafiki zake. Hakuwaomba ufafanuzi, wala hakuwaambia wamkemee yeyote. Aliwaambia, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa; kaeni hapa, mkeshe." Kaeni hapa! Mwokozi wa ulimwengu alitaka watu watatu wawe karibu naye macho wazi. Nao wakalala. Aliporudi alimwuliza Petro, "Hukuweza kukesha saa moja?" Nikilisoma swali hilo mwaka huu, naona linaulizwa kanisa la Dodoma, linaulizwa ushirika wetu wa mchana, linaniuliza mimi. Tunaweza kukesha usiku mzima Ijumaa kwa vipaza sauti, na Jumatatu tukashindwa kukaa dakika kumi na dada yetu sakafuni.

Niseme wazi, hata kama mtu atakwazika. Sikatai vita vya rohoni. Lakini mtu ambaye pumzi imembana hapaswi kuzungukwa na watu kumi wanaopaza sauti na kumwekea mikono kichwani kwa nguvu. Mnamwongezea hofu. Mnamwaibisha mbele ya wakubwa na wadogo zake kazini, na kesho atakapoanza kujisikia vibaya atajificha chooni ateseke peke yake ili asikemewe tena. Wachungaji wangu, baba zangu, nawaheshimu sana: tuwafundishe watu wetu kuketi chini. Maombi ya sauti ndogo yanafika mbinguni. Hana, mama yake Samweli, alimwomba Bwana midomo ikicheza tu na sauti yake isisikike, akasikiwa. Na aliyekosea siku ile ni kuhani, aliyemdhania mwanamke mwenye uchungu kuwa amelewa.

Na lile andiko la Wafilipi 4:6, "Msijisumbue kwa neno lo lote," tuache kulitumia kama fimbo. Aliyeliandika ndiye aliyewaambia Wakorintho kwamba alifika kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi." Paulo alitetemeka akiwa kazini! Katika waraka wa pili anasema tena, "nje palikuwa na vita, ndani hofu." Na hapo hapo anaeleza jinsi Mungu alivyomfariji: kwa kuja kwake Tito. Mungu alimletea mtu. Ndugu yangu, inawezekana wiki hii Tito wa jirani yako ni wewe, na dawati lake liko hatua tatu kutoka lako.

Wakuu wa idara mlio kati yetu, someni Kutoka 18. Yethro alimwangalia mkwewe akiamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, akamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema." Hakumwambia Musa aongeze maombi. Alimwambia agawe kazi. Mtumishi aliye chini yako akianza kutetemeka kila simu yako inapoingia, mtazame upya, na ujitazame wewe na simu hiyo.

Jambo jingine linaniuma. Tunaishi mji wenye Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, watu wanasafirishwa kutoka mikoa mingine kuja kutibiwa hapa, na sisi wenyeji tumeligeuza jina lake kuwa tusi. "Huyu wa Mirembe huyu." Tunasema tukicheka, hata baada ya ibada. Anayetusikia na ana shida anaapa hatakanyaga pale. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na magonjwa ya hofu na wasiwasi. Watu milioni 301, na wewe unafikiri uko peke yako ofisini kwenu. Nenda kamwone daktari. Mimi nilienda kliniki ya afya ya akili kwa miezi, nikazungumza na mshauri, na kila nilipoingia nilimshukuru Bwana aliyempa Paulo rafiki aitwaye Luka, tabibu mpendwa.

Inaponijia siku hizi, maana bado hunijia, hasa Juni, nafanya hivi. Nakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Navuta hewa kwa pua taratibu nikisema moyoni, "Siku ya hofu yangu," kisha naitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta, nikisema, "nitakutumaini Wewe." Ni Zaburi 56:3. Daudi anaanza kwa kukiri kwamba siku ya hofu ipo na ni yake. Narudia hadi vidole vipate joto. Nimefanya hivyo ndani ya daladala la Mtumba limejaa, nimefanya kwenye foleni ya kusaini, na hakuna aliyejua isipokuwa Bwana. Kisha nampigia mtu mmoja ninayemwamini, namwambia imekuja na imepita. Hilo la simu msiliache. Hofu ikifichwa inarudi na nguvu zaidi.

Binti yetu anaingia kikao cha hoja za ukaguzi Jumanne saa nne asubuhi. Anaogopa, na amesema nisiwafiche. Ninawaomba kila mmoja, saa hiyo, aache alichoshika kwa dakika chache, amtaje kwa Baba kimya kimya hapo alipo. Mimi nimeomba ruhusa ya kuketi naye. Wawili kati yenu wangoje nje ya mlango na maji ya kunywa. Nijulisheni leo ni akina nani, ili nimwambie mapema ni akina nani atakaowakuta pale akitoka.