Kitabu Kilichozolewa Pamoja na Majani

Binti yangu alikuwa darasa la pili mwaka ule, 2016, na shule ilimtaka asome dakika 20 kila siku, kisha mzazi atie saini kwenye karatasi. Ile karatasi haikusema asome kwa lugha gani. Nikaona hapo ndipo pa kupenyezea Kiswahili.

Kitabu chenyewe nilikuja nacho kutoka Muheza, Tanga. Ni kitabu cha kusomea cha shule ya msingi, jalada lake lilibanduka zamani, na mama yangu, aliyefundisha darasa la tatu miaka mingi, akalishona kwa uzi mweusi. Pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wake wa kalamu nyekundu: “waulize”, “warudie”, na mahali pamoja, sijui siku hiyo walimfanyia nini, “kelele!”

Tulikuwa tunakaa Minneapolis, Marekani, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo nyuma na mti mmoja mkubwa, wa aina ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira. Miezi mingine huna hata habari nao. Ikifika Oktoba, ndani ya wiki mbili unageuka manjano, halafu rangi ya binzari iliyokaangwa, halafu unakuvulia yote uwanjani uyazoe wewe. Kuyaacha si hiari yako, mwenye nyumba anakuja kuchungulia. Na huwezi kuyachanganya na taka nyingine: yana mifuko yake mikubwa ya karatasi, na lori lake. Mtaani kwetu lilipita Jumatatu asubuhi.

Basi Jumapili moja ya katikati ya Oktoba baba watoto alishika reki, mdogo wake binti yangu, mvulana wa miaka minne, kazi yake ikawa kurukia kila chungu kilichokwisha kukusanywa, na mimi na binti yangu tukakaa juu ya chungu kikubwa kuliko vyote tusome. Majani makavu yanakaliwa vizuri kuliko unavyodhani. Yanabonyea, yananuka kama ghala la kahawa, na kindi wanakupita karibu bila kukujali, wana haraka zao za baridi. Pembeni tulikuwa na bakuli la tufaha za Honeycrisp. Mume wangu hawezi kukukaribisha tufaha hilo bila kukueleza kwamba limezaliwa hapohapo Chuo Kikuu cha Minnesota na likatoka mwaka 1991. Wageni wote wanajua.

Tukafika kwenye hadithi ya watu kwenda shamba mvua za vuli zilipoanza. Binti akasimamisha kidole.

“Mama, kitabu anasema vuli ni mvua.”

“Kitabu kinasema.”

“Kinasema vuli ni mvua. Baba alisema vuli ni hii.” Akachota majani kwa mikono miwili.

Baba yake alikuwa sahihi, kamusi zinasema hivyo. Nami nilikuwa nimekaa kule miaka sita nikiyaita majira ya majani kupukutika hivyo bila kusita, mpaka mtoto aliponinyoshea majani. Nikamweleza: kwa bibi, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, zisizo na hasira ya masika, watu wanapanda mahindi na kunde, udongo unanuka, na mchwa wenye mabawa wanajaa taani. Hakuna mti unaopukutika kwa ajili ya vuli. Akafikiri.

“Sasa nani mwongo? Kamusi au bibi?”

Nilikuwa bado natafuta jibu harufu ya kuungua iliponifikia kutoka jikoni. Boga langu! Watoto walikuwa wamechonga uso kwenye boga siku iliyotangulia, nami kwa uchungu wa kuona chakula kinatupwa nikaitoa nyama yake na kuibandika kwa tui la kopo, sukari na iliki. Usijaribu. Yale maboga ya kuchonga ni maji na nyuzi tu. Lilitoa uji, uji ukashika chini. Nikakimbia ndani, binti akanifuata kuona moshi.

Kitabu tulikiacha pale juu ya majani.

Nilikikumbuka baada ya chakula, jua limeshazama. Nje uwanja ulikuwa mweupe, umefagiliwa mpaka unaona nyasi, na mifuko 11 imepangwa mstari ukingoni mwa barabara. Nilimwangalia mume wangu. Akaniangalia. Mdogo ndiye aliyesema kwamba yeye alikiona kitabu, “alikuwa analala ndani ya majani.”

Nilitamani kumpigia mama. Muheza ilikuwa saa tisa usiku, na hata ingekuwa mchana ningeanzia wapi?

Tulitoka sote wanne na tochi mbili. Mfuko wa kwanza tuliutoa majani kwa adabu, kiganja baada ya kiganja. Wa tatu tukaanza kuumwaga. Jirani wa ng'ambo akafungua pazia, akatazama familia nzima imepiga magoti kwenye ubaridi ule inarudisha majani uwanjani, akafunga pazia. Watoto, ambao kwa kawaida saa hiyo wangekuwa wananililia usingizi, walikuwa na furaha ambayo hata Idi hawakuwa nayo. Kwenye mfuko wa tisa mume wangu akagusa uzi. “Huu hapa ushoni wa mama mkwe,” akasema. Kurasa za mwisho zilikuwa zimelowa na ganda la tufaha limeng'ang'ania nyuma. Wino mwekundu ulikuwa umetawanyika kidogo tu.

Hatukuwa na nguvu ya kujaza upya. Jumatatu lori likakuta mifuko miwili. Kabla ya shule watoto walisharuka kwenye majani mpaka soksi zikalowa, nikawabadilisha huku nafoka, na katikati ya kufoka binti akanipa karatasi yake nitie saini. Kwenye dakika alizosoma Jumapili alikuwa ameandika 110.

“Tulisoma dakika 20,” nikamwambia.

“Na kukitafuta?”

Nikatia saini.