Narambaza krapi Ziwa Lavon kwa kayaki ya mtumba

Kila nikimwambia mtu hapa Dallas kwamba narambaza krapi, yaani namvua kwa kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, swali la kwanza ni mota yangu ina nguvu kiasi gani. Sina mota. Nina kayaki ya mtumba ya kijani iliyopauka, kafi moja lenye bapa mbili, ndoo yenye matundu, na fimbo mbili nilizonunua kwa bibi mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe mbele ya gereji. Samaki ninaokula ni hao hao wanaoliwa na wenye mashua za maelfu ya dola, na nina hakika wa kwangu wanakaangwa vizuri zaidi.

Kwa msiomjua, krapi ni samaki wa maji baridi wa huku Amerika ya Kaskazini, bapa, mpana, rangi ya fedha yenye madoa meusi. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi. Lavon, kaskazini mashariki ya Dallas, ninaowapata mimi wengi ni weupe. Mdomo wake ni laini mno, ngozi yake ukiielekeza kwenye jua unaona mwanga upande wa pili. Anayezoea kuvua nguru akileta nguvu zake hapa atabaki na ndoano yenye kipande cha mdomo.

Mimi nimekulia Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Babu alirambaza kolekole na nguru kwa ngalawa, mshipi ameuzungushia kidole gumba cha mguu, usukani mkononi, na chambo chake kilikuwa manyoya meupe ya jogoo. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa kwamba chambo kinachokimbia humshawishi samaki. Niliambiwa hata hivyo, na kila mtu.

Muuzaji wa duka la vifaa vya uvuvi ndiye aliyeanza. Kijana mpole, ana kofia, kaniandikia orodha: mota ya umeme, betri ya kuiendesha, chaja ya betri, sona ya kuona samaki chini, fimbo 8 za futi 12, na vishikio vya chuma vya hizo fimbo. Mashua hakuiandika, nadhani alidhani ninayo. Nikapiga jumla nikiwa bado dukani. Ilikuwa kodi ya nyumba na zaidi. Nilipomsomea mke wangu ile orodha alicheka, akaniuliza, "Baba watoto, huyo samaki anauzwa bei gani sokoni?" Krapi hauzwi sokoni, sheria ya Texas inamhesabu kuwa samaki wa mchezo, si wa biashara. Hilo sikumwambia.

Halafu akaja mzee mmoja tunayefanya naye kazi ghalani. Ana mashua ya bati na hizo fimbo 8 zote. Akanihakikishia kwamba bila fimbo 8 hujavua krapi, umetembea tu ziwani. Akanialika nijionee. Namna yake ni hii: fimbo zote zinatandazwa mbele ya mashua, mishipi inaning'inia wima na visamaki hai kwenye ndoano, mota inasukuma taratibu. Ukitazama kutoka mbele, mashua inaonekana kama buibui anayetembea, na wenyewe wanaiita hivyo.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa shwari na nikaanza kumwamini. Tulikunywa kahawa. Krapi wadogo wawili walipanda, tukawarudisha. Kisha upepo wa kusini ukaamka. Hapa Texas kaskazini majira ya kuchipua kusi ni kusi kweli, linapanda kutoka Ghuba ya Meksiko bila mlima wa kulizuia. Mota ikawa inalalamika, mashua ikaanza kwenda upande. Mzee akasema tusihangaike, fimbo zitajinyoosha zenyewe. Wakati huo huo fimbo ya kwanza kulia ikainama mpaka majini. Hakuwa krapi. Alikuwa kambare mwenye afya, na kambare huyo hakukimbia mbele wala nyuma, alipita chini ya mashua kwa utulivu kutoka kulia kwenda kushoto, akiikusanya mishipi mmoja mmoja. Nilizihesabu fimbo zikiinama kwa zamu. Mzee anapiga kelele, "Kata! Kata!" Nikate upi? Kilichokuja juu kilikuwa furushi la nailoni, vyubwi, visamaki vya chambo, tawi la mti uliokufa, na katikati yake kambare anatutazama. Tulikaa saa nzima na mkasi. Mzee aliponirudisha bandarini akaniambia kosa lilikuwa fimbo, zilitakiwa ziwe ndefu zaidi.

Nikaamua kurudi kwenye kazi ya babu: mishipi michache, inavutwa nyuma, basi.

Kayaki niliipata kwa dola mia na kitu, kiti kimevunjika, nikatia mto wa povu. Fimbo mbili laini, za wepesi kabisa, dola kumi kwa zote mbili. Hakikisha ni laini. Fimbo ngumu inachana mdomo wa krapi kabla hujajua ameuma. Vishikio ni mabomba ya plastiki ya maji yaliyofungwa kwenye kreti nyuma ya kiti, yameelekezwa nje, kushoto na kulia. Mshipi wa kuhimili uzito wa ratili 6. Chambo nafunga mwenyewe: ndoano zenye kichwa cha risasi zinauzwa kwa pakiti kwa bei ya soda, manyoya meupe nilipata duka la vifaa vya ufundi wa watoto, uzi wa kushonea, na juu yake tone la rangi ya kucha ya mke wangu ili uzi usifumuke. Nyekundu inafanya kazi. Waridi pia. Maji ya Lavon ni ya tope, kwa hiyo nyeupe na ile njano ya kijani kali ndizo zinazoonekana.

Na kwa sababu kayaki haina mota, Texas haidai uisajili. Ukibandika hata kimota kidogo cha betri, tayari unatakiwa kwenda kulipia hati na namba. Leseni ya kuvua ni lazima ukishatimiza miaka 17, hiyo lipa usijidanganye, na koti la kuokolea livae, usilikalie.

Sasa mwendo. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Krapi anataka chambo kiende kati ya nusu maili na maili moja kwa saa, mwendo wa bibi harusi. Ukipiga kafi kwa kawaida umeshapita hapo, na ndiyo maana wanakwambia mota, mota. Mimi nachukua ndoo kubwa ya rangi, nimeitoboa matundu chini, nimeifunga kamba fupi nyuma ya kayaki. Nageukia upepo unakokwenda, naacha kusi lisukume, ndoo inazuia. Kayaki inatambaa. Kuujua mwendo natumia programu ya simu ya watu wa mazoezi ya kukimbia. Ilikuwa inanionea huruma mwanzoni, kila dakika chache inaniuliza kama nimepumzika. Upepo ukizidi nashusha ndoo nzima, ukipungua naiinua nusu. Fundo la hiyo kamba liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, maana ndoo ikinasa kwenye kisiki wakati wa mawimbi itavuta tezi la kayaki chini. Lavon ni bwawa, waliziba mto juu ya miti, visiki viko kila mahali.

Anza kwa kupiga kafi kuelekea upepo unakotoka, mikono ikiwa bado na nguvu, kisha upepo ukurudishe nyumbani. Nimewaona vijana wenye kayaki mpya wakifanya kinyume, baadaye wanapiga simu waje kuchukuliwa ng'ambo.

Kina bila sona ni rahisi kuliko wanavyosema. Kwanza bildi: risasi kwenye kamba yenye fundo kila futi 2, unatumbukiza, unahesabu mafundo. Halafu unapima chambo chenyewe. Mshipi nautoa kwa pima, mikono nikiinyoosha, pima 10 hivi, yaani kama futi 60. Naelekea taratibu penye maji yanayopungua kina mpaka ncha ya fimbo ianze kudonoa, chambo kinakwaruza tope. Hapo natia bildi. Ikisema futi 7, basi chambo hicho, kwa mshipi huo na mwendo huo, kinatembea futi 7 hivi. Nakumbuka, namaliza. Risasi ya sehemu moja ya 16 ya wakia ndiyo ninayoitumia zaidi. Ya sehemu moja ya 32 ni nyepesi, inapita juu zaidi.

Kwa nini nahangaika na futi moja? Krapi macho yake yanatazama juu. Chambo kikipita juu ya kichwa chake kidogo atapanda kukifuata. Kikipita chini yake, hata kiwe kizuri vipi, mara nyingi hakifuati. Ukiwa na wasiwasi, pandisha.

Na hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, haina gharama hata senti. Usiende moja kwa moja, kata kona pana. Ukikata kona kulia, chambo cha kulia kinapunguza mwendo na kuzama, cha kushoto kinaongeza mwendo na kupanda. Fimbo ya ndani ikiinama, samaki wanakwambia shusha, tulia. Ya nje ikiinama, pandisha, ongeza. Ile mashua ya fimbo 8 inapata jibu hilo hilo kwa gharama ya betri. Machi niliyaona haya vizuri, krapi wakiwa bado wananing'inia maji ya katikati kabla ya kusogea ukingoni kutaga. Fimbo ya kona ya ndani haikutulia.

Akiuma, usivute kwa mshtuko. Mwendo umeshamnasa. Izungushe rili polepole, mshipi usilegee, mpitishe ubavuni mbali na ndoo, mchukue kwa wavu. Nilidharau wavu mwanzoni, ukanigharimu samaki wanono.

Sheria ya jumla Texas ni inchi 10 kwenda juu, na 25 kwa siku, aina zote mbili kwa pamoja. Rula nimeichora kwa kalamu ya wino mzito kwenye kafi. Kabla ya kuondoka mwaga maji yote, ya ndani ya kayaki na ya chombo cha chambo, kwa sababu ya kome wadogo wenye mistari wanaosafirishwa ziwa hadi ziwa. Hiyo nayo ni sheria.

Kula: Wamarekani wanatoa minofu na kuikaanga kwa unga wa mahindi, si mbaya. Mimi napara magamba, nachanja ubavu, ndimu, kitunguu saumu, pilipili, chumvi, namkaanga mzima mpaka mapezi yavunjike mdomoni. Siku ya kupika kwa nazi natumia ya kopo, nisamehewe.

Jumla yote, ukiacha mafuta ya gari, haikufika dola mia tatu. Labda mia mbili na nusu, rangi ya kucha sikuihesabu. Yule mzee wa ghalani ameanza kuuliza ndoo yangu ina matundu mangapi. Nimemwambia aje Jumamosi, aje na koti lake la kuokolea, na fimbo zisizidi mbili.