Ofisa wa meli wa Dar es Salaam na maji ya barafu

Vijana wanaosomea uofisa wa meli hapa Dar es Salaam huniuliza kwa nini wajisumbue na mafunzo ya kusafiri katika maji ya ncha za dunia, ilhali bandari yetu iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta na barafu pekee wanayoiona karibu na bahari ni ile ya kuhifadhia samaki pale Feri. Jibu langu ni kwamba ofisa wa meli haajiriwi na bahari ya kwao. Anaajiriwa na kampuni, na kampuni hupeleka meli kule kwenye mzigo au abiria, iwe Tanga au Antaktika. Siku ya kupangiwa safari hiyo si siku ya kuanza kujifunza.

Kanuni za Ncha za Dunia, ambazo Shirika la Bahari Duniani, IMO, lilizipitisha kwa awamu mbili mwaka 2014 na 2015, zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, nao ukarekebishwa, na tangu tarehe 1 Julai 2018 kuna vyeti viwili vya maofisa wa sitaha, cha msingi na cha juu. Meli ya mafuta au ya abiria ikiingia katika maji ambayo barafu imefunika chini ya sehemu moja ya kumi ya uso wake, nahodha, ofisa mkuu na maofisa wa zamu wote wanatakiwa wawe na cheti cha msingi. Barafu ikizidi hapo, nahodha na ofisa mkuu wa meli yoyote inayohusika na kanuni hizo wanatakiwa wawe na cheti cha juu, na maofisa wa zamu wawe na kile cha msingi. Upande wa kusini maji hayo huanzia nyuzi 60. Upande wa kaskazini mpaka umepindishwa, hivyo Iceland na pwani ya Norwei zimebaki nje.

Kiini cha mafunzo yenyewe, kwa maoni yangu, ni kuitambua barafu na kujua kasi inayoistahili. Barafu ya baharini iliyoganda majira haya ni laini kuliko ile iliyonusurika kiangazi kimoja au zaidi, kwa kuwa kadiri miaka inavyopita chumvi huitoka na barafu ikazidi kuwa ngumu. Kipande kilichomeguka kutoka katika siwa barafu, yaani mlima wa barafu unaoelea baharini, ni kigumu zaidi, na kwa kuwa sehemu yake kubwa imezama, rada huweza kukikosa kabisa bahari inapochafuka. Ndiyo maana mtu wa kuangalia mbele hawezi kubadilishwa na chombo chochote, na ndiyo maana ofisa hufundishwa kuingia kwenye barafu polepole, omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, likiielekea moja kwa moja, na anaporudi nyuma aweke usukani katikati, asije akavunja usukani au propela.

Kisa ninachokirejea kila mara ni cha meli ya abiria Explorer, iliyozama tarehe 23 Novemba 2007 karibu na visiwa vya South Shetland. Watu wote 154 waliokolewa na meli ya Norwei, Nordnorge, baada ya kukaa kwa saa kadhaa katika mashua za uokoaji. Uchunguzi wa Liberia, nchi ambayo meli hiyo ilipeperusha bendera yake, ulieleza kwamba nahodha alikuwa na uzoefu mkubwa wa bahari ya Baltiki lakini hakuizoea barafu ya aina aliyokutana nayo Antaktika, na kwamba alijiamini kupita kiasi. Nawaomba vijana waizingatie habari hiyo kwa uzito, kwa sababu mtu huyo hakuwa mgeni wa barafu hata kidogo. Alikuwa mgeni wa barafu ile.

Lipo pia suala la uthabiti wa meli, ambalo sisi Watanzania hatuwezi kulizungumza bila kuikumbuka MV Bukoba, iliyopinduka katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Katika baridi kali, maji yanayorushwa na mawimbi huganda juu ya sitaha, mlingoti na vyuma vyote vya juu. Uzito hupanda, kitovu chake hupanda nao, na meli iliyotoka bandarini ikiwa salama hupoteza uwezo wa kuinuka inapolala upande. Ofisa lazima ajue kulikokotoa hilo mapema, na pia ajue kubadili mwelekeo na kupunguza kasi ili maji yasiendelee kurushwa juu.

Dira ya sumaku haiaminiki karibu na ncha ya sumaku, dira ya gairo, inayotumia gurudumu linalozunguka badala ya sumaku, nayo hudhoofika kadiri unavyopanda nyuzi kuelekea ncha, na satelaiti za mawasiliano zilizo juu ya ikweta hazipatikani vizuri ukishapita nyuzi 75 hivi. Msaada uko mbali: kanuni zinataka vifaa vya kuokolea maisha vitosheleze muda wote wa kungoja waokoaji, nao usikadiriwe kuwa chini ya siku 5.

Sehemu kubwa ya elimu hii inaweza kuanzia hapa hapa Dar es Salaam. Ramani za barafu, pamoja na alama yake yenye umbo la yai inayoonyesha wingi, umri na ukubwa wa vipande, husomwa darasani, na mtambo wa kuigiza uendeshaji wa meli hufundisha nidhamu ya kasi. Kinachotukwamisha ni cheti cha juu, kwa kuwa kinadai angalau miezi 2 ya utumishi wa sitaha, katika uongozi au ukiwa na zamu, ndani ya maji hayo, au utumishi mwingine unaokubaliwa kuwa sawa nao. Sharti hilo ni gumu kwetu, lakini ni la haki, na ningesikitika likilegezwa kwa ajili yetu. Afadhali kampuni zinazoajiri vijana wetu ziombwe kuwapa zamu katika safari hizo wakiwa bado maofisa wadogo. Kijana naye akishapata nafasi, ahakikishe nahodha anamwandikia barua inayotaja tarehe ambazo meli ilikuwa ndani ya maji ya ncha, kwa sababu kitabu cha baharia huonyesha tu meli uliyopanda na siku uliyoshuka.