Siku moja maishani mwangu: kutafuta kromaiti katika bonde la Umba

Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijanawa uso, mimi hutazama kwanza taa ya gravimita. Mashine hii hupima nguvu ya mvutano wa dunia, na ndani yake mna springi ya kwatzi inayopaswa kukaa katika joto lile lile usiku na mchana; umeme ukikatika nayo ikapoa, huenda ikahitaji hata siku mbili kabla vipimo vyake havijaaminika tena. Katika nyumba ya wageni tunamolala hapa Maramba, wilaya ya Mkinga, umeme huondoka bila kuaga, kwa hiyo betri ya akiba hulala karibu na kichwa changu, na wenzangu huniuliza kama mke wangu ana habari.

Saa kumi na mbili ni chai, chapati na maharage, na muda mfupi baadaye tumo garini. Kiti cha mbele ni changu, si kwa sababu ya cheo, bali kwa sababu mashine husafiri wima juu ya mapaja, nami hulipokea kila shimo la barabara kwa magoti ili lisiifikie. Mimi ni fundi sanifu wa jiofizikia, mzaliwa wa Ngamiani, na kila nikirudi mjini Tanga ndugu huniuliza swali moja tu: mmepata? Wanadhani kutafuta madini ni kuielekeza mashine ardhini mpaka ilie.

Siku ninayoisimulia ni Jumanne iliyopita. Kilima tulichokuwa tukikipima ni cha serpentinaiti, yaani mwamba ambao madini yake ya awali, hasa olivini, yaligeuzwa na maji ya moto yakawa jiwe la kijani lenye utelezi mkononi. Bonde la Umba lina sifa ya rubi na safaya, ambazo zimekuwa zikichimbwa tangu miaka ya 1960 katika mwamba wa namna hiyo na kandokando yake, na wekundu wa rubi hutokana na kromu kidogo sana iliyojipenyeza ndani ya jiwe. Sisi tunaitafuta kromu hiyo kwa wingi wake, katika jiwe jeusi na zito ambalo hakuna bwana harusi atakayelinunua: kromaiti, muungano wa chuma, kromu na oksijeni. Chuma kisichoshika kutu, kile cha sufuria na vifaa vya hospitali, huhitaji kromu isiyopungua asilimia 10.5, na kromu hiyo hutoka katika kromaiti.

Chembe za kromaiti zimo karibu katika kila serpentinaiti. Shaka ni kama zimekusanyika mahali pamoja. Huko Bushveld, Afrika Kusini, zilikusanyika zikawa matabaka miaka takriban milioni 2,055 iliyopita, nayo yanafuatika kwa makumi ya kilomita. Katika Great Dyke ya Zimbabwe, utepe wa mwamba wenye urefu wa kilomita 550 hivi, hali ni hiyo hiyo. Mjiolojia wa huko akilipata tabaka leo, kesho anajua aelekee wapi. Aina ya pili, kama ile ya Uturuki na Albania, hukaa katika mifuko iliyofungwa ndani ya ganda la dunaiti, yaani mwamba wa karibu olivini tupu, imekunjwa na kukatwakatwa bila utaratibu. Mwamba wetu umo ndani ya Ukanda wa Msumbiji, uliopondwa na mgongano wa mabara zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kwa hiyo kama kuna kitu, tunatarajia kitakuwa mapande mapande. Mfuko wa tani elfu mbili unaweza kuishia hatua tano tu kutoka kwenye mtaro uliouchimba, nawe ukaenda zako.

Hapo ndipo gravimita inapopata kazi. Mawe ya kromaiti yana densiti ya gramu 4 au zaidi kwa sentimita moja ya ujazo, na serpentinaiti ina 2.6 hivi. Chukua mfuko wa mviringo wenye nusu kipenyo cha mita 5, kitovu chake kikiwa mita 10 chini ya miguu yako: uzito wake wa ziada ni karibu tani 800, na mvutano unaouongeza ni miligali 0.05 (miligali ni kizio tunachopimia mvutano), ilhali mvutano wa dunia nzima ni kama miligali 980,000. Mwezi na jua, ambavyo ndivyo vinavyoijaza na kuipwisha bahari pale Raskazone, huutikisa usomaji wetu kwa hadi miligali 0.3, na hilo mashine hulikokotoa na kuliondoa yenyewe. Mwinuko hauondoki hivyo. Ukipanda mita moja mvutano hupungua kwa miligali 0.3 hivi, na hata baada ya kuhesabu mchango wa mwamba ulio katikati, kosa la robo mita katika urefu linatosha kuzua mfuko ambao haupo, au kuufuta uliopo. Ndiyo maana katika kazi hii, ambayo watu huiona kuwa ya mashine, nusu ya jasho humtoka yule anayesimama na darubini ya upimaji na yule anayeshika fito yenye namba.

Saa mbili tulisoma kituo cha msingi, yaani pale mahali pamoja tunaporudi kupima mara kwa mara, tukaanza mstari wa kwanza, kituo kila baada ya mita 10, tukaumaliza.

Saa tatu na nusu mstari wa pili ulifika kwenye shamba la mihogo, na mwenye shamba akatokea akiwa ameshika panga la palizi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa utaratibu, kisha akasema hapa hampiti. Tulimwonyesha barua ya mtendaji, tukamkumbusha mkutano wa kijiji. Akajibu kwamba barua ni ya serikali na mihogo ni yake, na kwa hilo alikuwa na haki, kwa sababu leseni ya utafutaji haimpi mtu shamba la mwenzake. Mjiolojia wetu alianza kumweleza habari za fidia ya mimea itakayokanyagwa, lakini mzee alikuwa na jambo zito zaidi.

“Mnatafuta rupia za Mjerumani,” alisema. “Semeni tu, mwanangu, tuelewane.”

Yeyote aliyewahi kushika kifaa chenye waya na kioo katika mkoa huu amekutana na rupia hizo. Zilikuwa fedha halali za koloni, zikitolewa tangu 1890. Tanga ikapiganiwa Novemba 1914, Wajerumani wakaushikilia mji hadi 1916, kisha wakaondoka, na tangu hapo kila kilima kina sanduku lake. Nilimweleza kwamba mashine haioni fedha, haioni dhahabu, haioni chochote, bali hupima uzito wa kilichopo chini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kusadiki. “Mtu anayetafuta jiwe,” alisema, “halipigii magoti.” Sikuwa na jibu, maana ni kweli kwamba ili kusawazisha mashine juu ya miguu yake mitatu mimi hupiga magoti katika kila kituo, na aliyekuwa akituchungulia tangu asubuhi alikuwa ameona ibada nzima.

Jua lilipanda. Ilibidi niache mazungumzo, niende kusoma tena kituo cha msingi, kwa sababu springi huchoka polepole na uchovu wake lazima ujulikane kila baada ya muda mfupi, kisha nikarudi nikawakuta walipokuwa. Safari hii mzee alikuwa ameleta kitu kutoka nyumbani, kimefungwa katika kipande cha kanga: jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi, zito, lenye kung'aa palipovunjika. Alikuwa amelitunza kwa miaka mingi akimngoja mtu wa kuliamini. Mjiolojia alitoa kigae cheupe kisicho na vanishi, akalikwaruza jiwe juu yake, likaacha mstari mweusi tii. Akachukua kipande cha kromaiti anachobeba kwa kulinganishia, akakwaruza kando yake, na mstari ukawa wa kahawia, kama unga wa kahawa. Kisha akasogeza sumaku. Ililirukia jiwe la mzee na kuling'ang'ania. Mzee alikichukua kigae, akarudia mistari yote miwili kwa mkono wake mwenyewe, akikandamiza, akaitazama kwa muda mrefu.

“Basi langu si kitu.”

“Ni magnetaiti, mzee. Ni madini ya chuma, ila siyo tunayoyatafuta.” Mjiolojia akamweleza kwamba olivini inapogeuka serpentini, chuma chake hutoka kikawa magnetaiti, kwa hiyo kilima chote kimejaa sumaku, na ndiyo sababu kifaa cha kupimia sumaku hutudanganya hapa. Mzee alilifunga jiwe lake vizuri kuliko lilivyokuwa. Kisha akatoa sharti: tupite, mihogo ilipwe, na mjukuu wake aajiriwe kushika fito, aone kila kitakachotolewa ardhini. Nikamwambia hatutoi kitu ardhini. “Ndiyo maana nataka aone,” akajibu. Saa sita ilikuwa imepita.

Baada ya hapo sikutazama saa ila kwa ajili ya kuiandika daftarini. Mchana wa Umba katika kilima cha serpentinaiti ni mgumu, kwa sababu udongo wake maskini huotesha vichaka vifupi visivyo na kivuli. Upepo uliamka, na upepo ukitikisa mti, mizizi hutikisa ardhi, na ardhi ikitikisika namba hazitulii; basi unangoja, unasoma, unafuta, unasoma tena, huku maji ya chupani yamekuwa ya kuogea. Magoti yangu yana umri mkubwa kuliko mimi. Hata hivyo nikiona vipimo viwili vya kituo kimoja vinapishana kwa tarakimu ya mwisho tu, najisikia kuwa fundi, wala sihitaji mtu wa kunipongeza.

Mjukuu alishika fito wima kuliko vibarua wote, na tulipokuwa tukishuka aliuliza swali ambalo wenye shahada hulisahau: kama chini kuna kitu kizito, mtajuaje kwamba si mwamba mwingine tu? Nikamwambia kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe. Peridotaiti, yaani mwamba wa awali ambao haukugeuzwa na maji kuwa serpentinaiti, ina densiti ya 3.3 hivi, na bonge lake lililobaki zima ndani ya serpentinaiti linaweza kuonekana sawasawa na kromaiti.

Usiku, baada ya ugali na dagaa, namba ziliingia katika kompyuta. Palikuwa na miinuko miwili ya mvutano. Wa kwanza mjiolojia aliufuta papo hapo, kwa kuwa alikumbuka peridotaiti ngumu iliyochomoza kwenye korongo la jirani. Wa pili ulisimama juu ya kituo kimoja peke yake, na kituo kimoja si ushahidi, kwa hiyo tulipanga kupima upya mahali hapo kwa nafasi ya mita 5, na kuchimba mtaro iwapo vituo vya jirani vitakubaliana. Ni nje ya mihogo ya mzee, upande wa mashariki, ila mtaro lazima asikie habari zake kwetu kabla hajausikia kwa mtu mwingine.