Nyumba inayoelewa saa moja jioni, mradi ulipofikia

Wakuu, ule mradi wangu wa kufanya taa za nyumba ya bibi ziwake na kuzima kwa kuongea unaenda. Taa za sebuleni, koridoni na nje zote zinaitika kwa Kiswahili bila intaneti, kila kitu kinafanyika kwenye laptopu ya zamani yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, Whisper inageuza maneno kuwa maandishi afu Piper inajibu kwa sauti. Sauti niliyoweka ni ya Kiswahili cha Kongo na bibi ameipenda sana, ikimjibu anaiambia "haya, ahsante".

Kilichokula muda wote ni saa. Bibi anasema "taa ya nje iwake saa moja jioni", kompyuta inataka 19:00, ikabidi niandike kanuni mwenyewe. Mchana unajumlisha 6, saa nane inakuwa 14. Usiku unajumlisha 18, ikifika 24 au kuzidi unatoa 24, kwa hiyo saa nne usiku ni 22 na saa nane usiku inarudi 2. Jioni ndo kipengele maana imekaa pande zote mbili, saa kumi mpaka kumi na mbili unajumlisha 6 lakini saa moja jioni ishahamia kwenye kujumlisha 18. Na mtu akisema saa moja tu bila kutaja asubuhi wala jioni, inachukua ile iliyo karibu mbele afu inarudia kwa sauti ili airekebishe kama sivyo. Hii kwangu ndo roho ya mradi, nyumba ifuate watu wanavyoongea.

Sebuleni nimetoa sensa ya mwendo ya PIR, nimeweka rada ndogo ya LD2410 kwenye ESP32, kibao kidogo cha kompyuta chenye WiFi. PIR inataka joto linalotembea, bibi akitulia kwenye kochi na tasbihi yake taa ilikuwa inamzimikia, ila hii rada ya 24 GHz inashika hata kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi. Shida yake ni pangaboi, likizunguka rada inadhani kuna mtu, nimeigeuza iangalie makochi na nimeipunguzia umbali, inakatwa kwa hatua za sentimita 75, sasa imetulia.

Swichi za ukutani zipo palepale, mgeni anabonyeza kama kwake.

Kinachofuata ni jikoni. Redio na mafuta yakichemka maikrofoni haisikii kitu, mikono nayo ina unga, nataka kamera isome ishara ya mkono kwa MediaPipe, programu ya Google ya kutambua mikono kwenye picha. Aliyewahi kuitumia kwenye mwanga hafifu aniambie alitumia kamera gani.